Rubani wa Ziwa Tanganyika na Rekodi za Vita vya Anga, Kutoka Kigoma hadi Kagera

Mwaka 1916, kabla watu wengi wa Buyungu, Muhambwe na Heru, nchi za Buha, hawajaona hata garimoshi, ndege za kivita zilikuwa zimekwisha kuangusha mabomu Kigoma. Aliyetangulia kuziendesha alikuwa Aimé Behaeghe, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1890 katika kijiji cha Kachtem, Flanders ya Magharibi. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa miongoni mwa vijana wa mwanzo wa nchi yake kujifunza urubani, enzi ambazo ndege ilikuwa fremu ya mbao iliyovikwa kitambaa, na kila aliyeipanda alijua anaweza asirudi. Mei 1916 aliruka kutoka upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Desemba mwaka huohuo alikufa kwa maradhi huko Niemba, kituo cha reli kati ya Kabalo na Kalemie. Alikuwa na miaka 26.

Wabelgiji wanamtaja kuwa rubani wa kwanza wa Afrika ya Kati. Rekodi hiyo naikubali bila shaka. Zipo nyingine za vita vile ambazo sizikubali kirahisi, kwa sababu taarifa za vita huandikwa na watu wanaotaka nishani, na wanaozisoma baadaye hawana mahali pa kwenda kuhakikisha. Hapa nazikusanya zile zinazotuhusu sisi wa Kakonko, Kibondo na Kasulu, kwa kuwa vita hivyo vilipita kwetu, na kwa miaka karibu 5 baada ya mapigano tulitawaliwa na jeshi lililokuja navyo.

Meli kubwa kuliko zote ziwani

Behaeghe hakuja Tanganyika kutalii. Alifuata meli. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000 na kusafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli ya kati hadi Kigoma. Mafundi watatu wa Kijerumani walikuja nayo kusimamia kazi ya kuiunga upya, na mamia ya vibarua wakagonga ribiti chini ya jua la Kigoma. Iliingia majini tarehe 5 Februari 1915. Urefu wake ulikuwa mita 71, na hakuna chombo kingine ziwani kilichoikaribia. Ndiyo hiyohiyo MV Liemba ambayo watu wa Kigoma wameipanda vizazi na vizazi kwenda Kasanga na Mpulungu.

Aliyekuwa na Götzen ndiye aliyekuwa na ziwa. Ingeweza kuvusha mamia ya askari kwa usiku mmoja na kuwashusha popote ufukweni mwa Kongo. Waingereza walikuwa wameleta boti mbili ndogo za mwendo kasi, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson, zilizosafirishwa nchi kavu kutoka Afrika Kusini na kukokotwa kupita milima ya Mitumba. Boti hizo ziliiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann tarehe 9 Februari 1916. Ilipofika zamu ya Götzen, Spicer-Simson hakuthubutu kuivamia ikiwa bandarini. Kwa hiyo Wabelgiji wakaitazama njia iliyobaki, ya angani.

Na Götzen ilibeba silaha yenye historia yake. Mzinga wake mkubwa, wa milimita 105, ulitoka kwenye manowari Königsberg iliyozama delta ya Rufiji. Kabla ya kurudi ziwani kwa Behaeghe, inabidi tuufuate mzinga huo hadi pwani, maana huko ndiko urubani wa vita ulikoanzia katika nchi hii.

Wa kwanza kabisa Tanganyika

Ndege ya kwanza iliyoruka katika koloni la Wajerumani Afrika Mashariki haikuletwa kwa ajili ya vita. Bruno Büchner, aliyewahi kuwa mshindani wa mbio za baiskeli na za magari, aliileta Dar es Salaam mwaka 1914 kwa maonyesho makubwa yaliyopangwa kufanyika Agosti. Serikali ya koloni ilitaka kusherehekea, na miongoni mwa mambo ya kujivunia ilikuwa reli mpya iliyofika Kigoma. Vita vilipoanza, Büchner akatumwa kwenda kuchunguza meli za Waingereza pwani. Alipigwa risasi, akajeruhiwa, ndege ikaanguka. Ilikarabatiwa, na Novemba mwaka huo Luteni Henneberger akaipanda na kufa nayo. Wajerumani wa koloni hili hawakuwa na ndege nyingine. Kwa hiyo Büchner ni wa kwanza kuruka na wa kwanza kuangushwa, na Henneberger ni rubani wa kwanza wa vita kufia Dar es Salaam. Ndani ya miezi minne hivi, jeshi zima la anga la Wajerumani hapa lilikuwa limekwisha.

Upande wa Waingereza, aliyetangulia alikuwa Dennis Cutler, raia aliyekuwa akiruka ndege za maonyesho Durban. Alivishwa sare haraka haraka na kupelekwa kwenye visiwa vidogo vya karibu na Mafia, akiwa na ndege ya Curtiss inayotua majini. Joto la pwani lilimshinda mtambo wake: rejeta ilichemka na kuvuja. Inasimuliwa kwamba nyingine ilichukuliwa kutoka kwenye gari la Ford lililopatikana Mombasa. Novemba 1914 aliiona Königsberg ikiwa imejificha kati ya mikoko, jambo ambalo meli zote za kivita zilizokuwa nje ya delta hazikuweza kulifanya. Desemba ndege yake ikashuka mtoni, naye akatekwa.

Mlio wa mwisho wa Arnold

Katika yote yaliyofanywa na marubani wa vita hapa kwetu, tukio la tarehe 11 Julai 1915 ndilo linaloniingia zaidi moyoni. Waingereza walikuwa na meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zilizoweza kuingia mtoni lakini zisiweze kuiona Königsberg kwa sababu ya mikoko. Ilibidi zipige zikiongozwa kutoka angani. Tarehe 6 Julai zilijaribu kwa mara ya kwanza, zikatupa zaidi ya makombora 600, na Königsberg ikabaki inaelea. Baada ya siku 5 zikarudi.

John Cull aliendesha ndege, na Harwood Arnold alikaa na mtambo wa simu ya upepo, akigonga alama kwa kidole: mbele, nyuma, kulia, kushoto. Walitoka Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikuwa wamekiteka mwezi Januari ili wapate mahali pa kuweka ndege. Makombora yalipoanza kuigusa shabaha, bunduki za Königsberg nazo ziliipata ndege. Injini ikafa. Cull hakugeuka kukimbilia bahari. Aliiacha ndege iteleze polepole kuelekea Mersey, na Arnold, huku wakishuka, aliendelea kugonga marekebisho ya shabaha mpaka makombora yakatua sehemu ya mbele ya Königsberg. Ndege iligonga maji na kubinuka. Cull, aliyekuwa bado amejifunga mkanda, alizama nayo kabla ya kujinasua. Wote wawili waliokolewa, na wote wawili walipewa nishani ya DSO.

Siku hiyo nahodha wa Königsberg aliilipua meli yake mwenyewe. Hii ni miongoni mwa mara za kwanza duniani ambapo meli ya kivita iliangamizwa na mizinga isiyoiona, ikiongozwa na watu walioko angani. Lakini mizinga yake 10 haikuzama. Wajerumani waliitoa majini, wakaipeleka Dar es Salaam, mafundi wa reli wakaitengenezea magurudumu, na mmoja ukapanda treni hadi Kigoma kufungwa juu ya Götzen. Rubani aliyeua meli Rufiji hakuuzima mzinga uliokuja kutusubiri ziwani.

Shehena ya ndege iliyopita njia ngumu kuliko zote

Sasa turudi kwa Behaeghe, na kwa rekodi ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote alizoandikiwa. Haihusu mabomu.

Mwanzoni mwa 1916 Jeshi la Wanamaji la Uingereza liliwapa Wabelgiji ndege nne aina ya Short, zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, na maboya badala ya magurudumu. Kiongozi wa msafara alikuwa Kamanda de Bueger. Pamoja na Behaeghe walikuwamo marubani Orta na Castiau, na waangalizi Collignon na Russchaert. Ndege zilifungwa kwenye makasha, zikavuka bahari hadi mdomo wa mto Kongo. Kutoka Matadi zilipanda reli hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo. Hapo zikashushwa zikapakiwa kwenye meli ya mto kwenda Stanleyville, safari ya zaidi ya kilomita 1,700. Stanleyville kuna maporomoko: makasha yakashushwa tena, yakapanda reli ya kilomita 125 hadi Ponthierville. Boti tena hadi Kindu. Reli tena hadi Kongolo. Boti hadi Kabalo. Na mwisho reli ya kilomita 273 hadi ukingo wa ziwa, njia ambayo ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili tangu ifunguliwe. Kwa ujumla ni zaidi ya kilomita 3,000, mitumbwi ya chuma na mabehewa yakipokezana, na kila mahali pa kupokezana palikuwa na mabega ya watu.

Aliyewahi kuhamisha hata kabati la vioo kutoka Kibondo hadi Kigoma atajua maana ya shehena hii. Ubawa wa ndege ile ulikuwa mbao nyembamba na kitambaa kilichopakwa rangi ya kukaza. Ukiangusha kasha moja pale Ponthierville, hakuna duka la vipuri mpaka Uingereza. Unyevu wa msitu wa Kongo hulegeza gundi, jua hupinda mbao, na mchwa hawabagui mbao ya ndege na ya kiti. Zilifika. Zikaungwa. Zikaruka. Hakuna aliyewahi kupeleka ndege za kivita ndani kabisa ya bara hili kwa njia hiyo kabla yao, na rekodi hii haina mpinzani.

Zilipofika, ziwa lenyewe likazikataa. Yeyote aliyevuka Tanganyika mwezi Juni au Julai anajua upepo wa kusini unavyoinua mawimbi. Wavuvi wa dagaa wenyewe hulala nchi kavu siku kama hizo. Maboya ya ndege hayakuundwa kupigana na mawimbi ya namna ile. Ilibidi kambi ihamishiwe Tungwe, mahali penye maji yaliyojitenga na tulivu, ndipo ndege zikapata pa kuondokea. Na kuna jambo la pili ambalo marubani wa Ulaya walilikuta hapa: ziwa liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni ya moto. Hewa ya moto ya mahali pa juu ni nyepesi, haibebi bawa vizuri, na injini inapungukiwa nguvu. Ndege iliyoinuka kwa urahisi kwenye ghuba ya Uingereza, ikiwa na watu wawili, mafuta na mabomu, hapa ilikimbia juu ya maji muda mrefu ikivutwa na pangaboi lake bila kunyanyuka.

Kigoma ilikuwa zaidi ya kilomita 100 ng'ambo. Fikiria safari yenyewe: chini yako ni ziwa refu kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani, lenye kina cha pili kwa ukubwa, karibu mita 1,470. Injini ikizima katikati, unatua kwenye mawimbi yaliyokwisha kukukataa asubuhi, na ukielea upande wa mashariki, wanaokuokota ni adui. Behaeghe alikwenda na kurudi.

Bomu linalobishaniwa kuliko yote

Juni 1916 Behaeghe na mwangalizi wake Collignon walifika juu ya bandari ya Kigoma na kuangusha mabomu. Taarifa ya Kibelgiji ilisema Götzen imepigwa. Mwezi Julai ndege zilirudi tena kuishambulia bandari na stesheni.

Hapa ndipo ninapotia shaka. Wakati huo mkuu wa Wajerumani ziwani, Gustav Zimmer, alikuwa amekwisha kuamriwa kuutoa mzinga mkubwa wa Götzen na kuupeleka kwenye mapigano ya nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mzinga wa bandia ili adui asijue. Meli iliyoogopwa na pande mbili ilikuwa imeng'olewa meno. Baadaye, tarehe 26 Julai, Wajerumani walipoona jeshi la Kibelgiji linakaribia Kigoma kwa nchi kavu, mafundi walewale waliokuja nayo kutoka Papenburg waliipaka injini grisi nzito, wakaijaza mchanga, wakaizamisha taratibu karibu na mdomo wa Malagarasi, kwa matumaini kwamba siku moja watairudia. Meli iliyobomolewa kwa bomu haitunzwi hivyo. Wabelgiji waliiinua baada ya vita, ikazama tena. Waingereza wakaiinua tarehe 16 Machi 1924, na injini zikakutwa nzima kiasi cha kuirudisha kazini mwezi Mei 1927 ikiitwa Liemba. Kwangu mimi, bomu la Behaeghe kama liligusa Götzen basi liliigusa kidogo. Meli ilizamishwa na askari waliokuwa wakija kwa miguu.

Na walikuja kwa miguu kupitia kwetu. Kikosi cha Kanali Olsen kilishika Kitega, Burundi, tarehe 17 Juni 1916, kikashuka nyanda za Buha, na Kigoma ikaanguka tarehe 28 Julai. Kikosi kingine, cha Molitor, kilipita kaskazini yetu kwenda Biharamulo na Ziwa Viktoria. Vyote vikakutania Tabora, iliyotekwa tarehe 19 Septemba.

Nataka msomaji wa Kakonko aone jinsi nchi moja ilivyokuwa na vita viwili kwa wakati mmoja. Ziwani, vita vilikuwa vya injini, simu ya upepo na ndege. Nyanda za juu vilikuwa vya mihogo iliyochukuliwa shambani, ng'ombe walioswagwa, na wanaume waliotolewa nyumbani kubeba mizigo. Malagarasi ndio uliounganisha vita hivyo viwili. Mto huo, wa pili kwa urefu Tanzania na wenye bonde kubwa kuliko mito yote inayomwaga maji Ziwa Tanganyika, huanzia mpakani na Burundi, ukapita kati ya Kasulu na Kibondo, ukazunguka mabwawa ya Moyowosi, na kwenda kumwaga maji yake karibu kabisa na pale Götzen ilipozamishwa.

Utawala wa kijeshi wa Kibelgiji ulibaki Kigoma na Buha hadi Machi 1921, ndipo Waingereza wakakabidhiwa.

Waliobeba zaidi

Jeshi la Kibelgiji katika vita vile, kwa takwimu inayotajwa mara nyingi, lilitumia wapagazi wapatao 260,000. Upande wa Waingereza, wapagazi waliofariki wanakadiriwa kufika karibu 100,000, wengi wao kwa kuhara, nimonia na njaa. Hakuna kikosi cha ndege kilichoruka hapa bila wao. Kikosi cha 26 cha Jeshi la Anga la Uingereza, kilichofika Mombasa mwanzoni mwa 1916 na kuwa kikosi kikubwa kuliko vyote vya anga katika kampeni hii, kilihamisha viwanja vyake kila jeshi liliposonga mbele, kutoka Mbuyuni hadi kusini mwa Tanganyika, na kila debe la petroli lilibebwa kichwani mahali gari liliposhindwa. Leo Walmsley, mwangalizi katika kikosi hicho aliyekuja kuwa mwandishi wa riwaya, baada ya vita aliandika kitabu kuhusu kuruka kwake hapa. Marubani wana vitabu. Wapagazi wana Kariakoo, jina lililotokana na kikosi chao, na makaburi ambayo mengi hayana alama.

Malaria na kuhara ndivyo vilivyowapunguza marubani wenyewe kuliko risasi. Behaeghe ni mfano ulio wazi. Alivuka ziwa mara kwa mara akiwa juu ya maji yenye kina cha zaidi ya kilomita moja, akapigiwa bunduki Kigoma, akarudi salama, kisha ugonjwa ukammaliza karibu na reli ileile iliyomleta.

Safari ndefu kuliko zote, isiyofika

Novemba 1917 Wajerumani walijaribu jambo ambalo hadi leo linaonekana la ajabu: kumpelekea Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi lao Afrika Mashariki, silaha na dawa kwa puto la kivita la Zeppelin kutoka Ulaya. Chombo hicho, L 59, kilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 226. Kilipangwa kisirudi: kitambaa chake kingeshonwa mahema na nguo, na fremu yake ya chuma chepesi ingejengewa vibanda. Aliyetoa wazo hilo alikuwa daktari, Max Zupitza, na rubani mkuu alikuwa Kapteni Ludwig Bockholt.

Kiliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba, kikavuka Mediterania na jangwa la Libya na kuingia Sudan. Karibu na Khartoum amri ya redio kutoka Berlin ikakirudisha, kwa kuwa iliaminika kwamba Lettow-Vorbeck hana tena mahali salama pa kukipokea. Ni kweli alikuwa akielekea Mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Tarehe 25 Novemba L 59 ilitua palepale ilipoanzia, baada ya saa 95 na kilomita 6,757 bila kugusa ardhi. Hakuna chombo chochote cha anga kilichokwenda mbali hivyo katika vita vile. Mwaka uliofuata kililipuka juu ya bahari karibu na Italia na kuua wote waliokuwamo, Bockholt akiwa mmoja wao.

Kwa orodha ya mbali zaidi, namba hiyo haina wa kuipita. Kwa Tanganyika, haikuleta hata dawa moja.

Kiti ambacho hakikuwa chetu

Katika vikosi vyote nilivyovitaja, hakuna Mwafrika mweusi aliyeketi kwenye kiti cha rubani. Sio kwamba mtu mweusi hakuweza. Wakati huohuo Eugene Bullard, aliyezaliwa Georgia, Marekani, alipata leseni ya urubani wa kijeshi Ufaransa mwezi Mei 1917 na kupigana angani mwaka huo. William Robinson Clarke wa Jamaika aliruka na Waingereza na kujeruhiwa mwezi Julai 1917. Katika Dola ya Uthmaniya, Ahmet Ali, ambaye ukoo wake unatokea Bornu, alikuwa rubani wa jeshi la majini. Waliokosa nafasi hapa kwetu walikosa kwa sababu ya sheria za ukoloni, wala si kwa sababu ya uwezo.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja hali ilikuwa ileile. Kijana maarufu aliyetoka Dar es Salaam kwenda kuruka alikuwa Roald Dahl, mfanyakazi wa kampuni ya Shell, aliyeendesha gari hadi Nairobi mwaka 1939 kujiunga na jeshi la anga na kujifunza urubani pale. Alianguka katika jangwa la Misri mwaka 1940, akapona, akaenda kupigana Ugiriki mwaka 1941.

Watanzania walipata kiti hicho baada ya uhuru. Wajerumani wa Magharibi walianza kusaidia kuunda kikosi cha anga, wakaondoka mwaka 1965 kwa ugomvi wa kidiplomasia uliotokana na Ujerumani Mashariki kuwa na ubalozi Zanzibar. Kanada ikachukua kazi ya kufundisha, kwa ndege za usafirishaji, hadi mwaka 1970. Ndege za kivita zenye kasi zilikuja kutoka China, na Ngerengere ikawa kituo chake.

Marubani hao ndio waliokuwa wa kwanza katika historia yetu kupigana vita wakiwa Watanzania, ndani ya ndege za Tanzania, kwa amri ya Tanzania. Oktoba 1978, katika Vita vya Kagera, ndege za Idi Amin wa Uganda zilishambulia Bukoba. Vita vikaingia Uganda mwaka 1979, na Mwanza ikawa kambi yetu ya anga ya mbele. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tupolev 22, iliyotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin, ilikuja kuupiga mji wa Mwanza. Mabomu yakakosa mji na kuangukia kisiwa cha Saanane, hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Nayakumbuka maelezo ya tukio hilo kila nikisoma taarifa ya Juni 1916 juu ya Götzen: rubani yeyote akirudi kambini anaweza kuripoti kwamba amepiga, na walio chini ndio wanaojua alichopiga.

Jibu la Tanzania lilikuja baada ya siku chache tu. Ndege zetu zilivuka mpaka na kushambulia maghala ya mafuta Kampala, Jinja na Tororo, na kabla Aprili haijafika katikati Kampala ilikuwa mikononi mwa Jeshi la Wananchi na Waganda waliopigana nalo.